Maili ya Ishirini na Tisa

Tulitoka kabla jogoo wa Albano hajamaliza ugomvi wake,
shangazi Deolinda mbele, mimi nyuma na mfuko:
mkate wa mahindi, jibini, soseji moja kavu,
chupa ya mvinyo aliyoiziba kwa gunzi.
Ana miaka sabini na sita na goti moja tu analoliamini.
"Hili jingine," asema, "ni la kupimia mvua."

Barabara ya Warumi huku wanaiita Geira,
kama vile ni jirani, mjane fulani
aliyefiwa zamani hata hakuna amkumbukaye mumewe.
Inaukata mlima kwa upole, haipandi kwa pupa;
aliyeichora alijua punda huchoka na askari hulalamika.
Mawe yake yana migongo. Yaliteleza kwa umande,
na mifereji miwili ya magurudumu
imejaa majani ya mialoni na vyura wadogo.

Maili ya ishirini na saba:
mawe sita marefu yamesimama
kama watu wanaongoja ofisi ifunguliwe.
Mvua imekwangua maandishi,
jina la kaisari limebaki nusu,
nusu nyingine ni kuvu.
Deolinda hakusoma. Aliyapapasa moja baada ya jingine
jinsi mtu apapasavyo ng'ombe mnadani,
akasema, "Si haya."

Saa sita tulikula juu ya daraja lenye upande mmoja.
Upande wa pili umelala mtoni tangu lini, nani ajuaye,
na mto Homem unapita hapo katikati
bila hodi.
Ndipo akaniambia, kisu kikiwa bado ndani ya jibini,
kwamba ile nguzo ya mzabibu wa nyumbani,
ile tuliyofungia mbuzi,
tuliyochorea vimo vyetu kwa mkaa,
babu yake aliiteremsha kwa maksai wawili
usiku mmoja wa Februari, mwaka wa njaa,
kwa kuwa mbao zilikuwa na bei
na mawe hayakuwa na mwenyewe.
"Hayakuwa na mwenyewe," akarudia,
safari hii kama anayeuliza.

Mchana ukawa mrefu. Jua la utosi, nzi, viatu.
Adérito alikuwa akifyeka kangaga kando ya njia:
"Mnakwenda Roma?"
"Tunarudi," shangazi akamjibu, wala hakusimama.

Maili ya ishirini na nane iko chini ya bwawa,
pamoja na kanisa la kijiji cha mama yake
na tanuri lililookea mkate wa harusi yake.
Tuliitembea kwa macho,
kutoka ukingo hadi ukingo,
naye akavua kofia.

Maili ya ishirini na tisa: mawe matano na shimo.
Shimoni mlikuwa na maji ya mvua ya juzi,
kiluwiluwi mmoja, na wingu.
Alipiga magoti, lile bovu likatangulia,
akatoa kamba aliyoipima nyumbani, yenye fundo,
akaizungusha ukingoni.
Fundo likakutana na ncha.

Hakulia. Warumi hakuwaomba radhi.
Alitaka kumimina humo mvinyo uliosalia,
akamwona kiluwiluwi,
akaunywa mwenyewe.
"Tuirudishe?" nikauliza.
"Na zabibu je?"

Tuliteremka kwa mwanga wa simu yangu,
yeye akinishika bega, mzito kuliko asubuhi.
Nyumbani alilitumbukiza goti kwenye beseni la maji ya chumvi,
akalitukana kwa jina la kila mtakatifu amjuaye.
Nikatoka nje.

Nguzo ilikuwa bado na joto la mchana.
Juu kidogo ya alama yangu ya miaka saba,
pale nilipozoea kuona nyufa,
kidole kiliingia kwenye X,
kisha X nyingine.
Zinazofuata zimefunikwa na mzabibu.
Sikuusogeza.